Machozi ya Bi Sumu

Mpima ardhi alipotaka kumuoa, mwigizaji alimuuliza kwanza kama aliwahi kumwona kazini. Mwanamume akajikuna kidevu, akakiri kuwa televisheni yake huwaka wakati wa mpira na taarifa ya habari tu.

"Basi nenda kaniangalie," mwigizaji akamwambia. "Ukimaliza, rudi uniambie kama bado unanitaka."

Alirudi baada ya wiki, macho yamemtoka. "Nimeangalia," akasema. "Yule mzee uliyemziba pumzi kwa mto, kwa kweli sikupata usingizi. Lakini bado nakutaka."

Siku ile walicheka mpaka wakashikana mabega.

Kwenye tamthilia iliyoonyeshwa kila Jumamosi jioni, mwigizaji alikuwa Bi Sumu, mama wa kambo anayewamaliza watu wa nyumba moja mmoja baada ya mwingine ili abaki na mali. Aliipata nafasi hiyo akitokea kwenye vichekesho vya jukwaani, ambako kazi yake ilikuwa kujikwaa, kusahau majina ya watu na kugombana na kuku. Mwongozaji alimtazama mara moja tu: nyusi nene, sauti nzito, jicho lisilopepesa. "Huyu hapa," akasema. Tangu hapo kila aliyemwita kazini alimwitia ubaya. Akawa mke mwenye wivu, bosi mnyanyasaji, shangazi mchonganishi, na kila Jumamosi akawa Bi Sumu. Aliwahi kuomba acheze nesi. Mwongozaji alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Wewe ukimshika mgonjwa mkono, watazamaji watapiga simu polisi."

Mtaani nako jina lake halisi lilisahaulika. Wanawake waliokuwa wakipiga soga saluni walinyamaza akiingia. Akinunua dawa ya panya, duka zima liligeuka. Mwanzoni ilimchekesha, baadaye ikamchosha, mwishowe akaizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Mpima ardhi alikuwa amefiwa na mke, akaachiwa binti mdogo waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi iliyokuwa pembeni mwa mdomo wake. Mtoto alilelewa na bibi yake, mama wa marehemu, mpaka baba alipooa tena. Kidoti hakuwa na shida. Wiki ya pili tu alianza kulala na mguu mmoja juu ya tumbo la mama yake mpya, na mwigizaji akijifunza maneno ya tamthilia, mtoto ndiye aliyeshika karatasi, ingawa hakujua kusoma, akimwambia, "Umekosea, anza tena."

Bibi ndiye aliyekuwa na shida. Hakuwahi kutoa neno baya. Alimwamkia mwigizaji kwa adabu, adabu ya mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua. Kila Jumapili asubuhi alimchukua mjukuu wake, na kila Jumapili kabla ya chakula cha mchana alimrudisha mpaka getini, akageuka na kuondoka bila kuingia.

Jumamosi moja kilionyeshwa kipindi ambacho mwigizaji mwenyewe hakukipenda tangu siku ya kukirekodi. Bi Sumu alimpikia uji mtoto wa kambo, akamimina kitu ndani yake, akakoroga taratibu huku akiimba. Kamera ilibaki kwenye uso wake muda mrefu. Alimwomba mwongozaji aifupishe sehemu ile, na mwongozaji akamjibu kwamba hapo ndipo nchi nzima itakapoacha kupumua.

Kesho yake mpima ardhi alikuwa kazini mbali, kwenye mapori ambako simu hukamata kwa kupanda juu ya gari. Bibi alikuja kumchukua Kidoti kama kawaida, ila hakuamkia. Alimshika mtoto mkono, akaenda naye kwa haraka.

Kidoti aliporudi, alitembea kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mwigizaji alimpokea mlangoni, akamgusa paji la uso. Halikuwa na joto. Lilikuwa na jasho la baridi.

"Una nini, mwanangu?"

"Nataka kulala."

"Umekula nini kwa bibi?"

Mtoto alitikisa kichwa. Akaegemea ukuta, akateleza polepole mpaka akakaa sakafuni. "Bibi alisema nisikwambie," akasema. "Dawa. Leo alinipa nyingi."

"Dawa ya nini?"

"Ya chakula chako."

Mwigizaji aliinama kumtazama machoni. Mboni zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama ncha ya kalamu. Alimwita, mtoto akaitika kwa mbali. Alimwita tena, hakuitika. Hakumaliza hata kufunga mlango. Alimbeba Kidoti begani, akatoka na kandambili za ndani, akasimamisha teksi kwa kujitupa mbele yake. Njiani alimpigia mume wake mara nyingi, simu haikupatikana. Alimpigia bibi. Simu iliita mpaka ikakatika.

Hospitalini nesi wa mapokezi alimpokea mtoto kwanza, akamwahisha chumba cha dharura. Halafu ndipo alipoutazama uso wa aliyemleta. Mwigizaji aliliona lile badiliko, alilijua vizuri: jicho linaganda kidogo, midomo inafungika.

"Amekula nini?" nesi akauliza.

"Bibi yake amempa dawa. Sijui dawa gani. Mtoto mwenyewe ameniambia."

"Bibi yake." Nesi alilirudia neno hilo kama anayepima kitambaa kibovu. "Na nyumbani kwako amekula nini?"

"Hajala kitu kwangu tangu asubuhi, dada. Asubuhi alikunywa uji."

Alipolisikia neno hilo likimtoka mdomoni, alitamani kulirudisha. Kwenye benchi mwanamke mmoja alimgusa mwenzake kwa kiwiko.

Daktari alitoka, mwanamume mwembamba mwenye miwani, akiongea kwa haraka bila kupaza sauti. Pumzi ya mtoto ilikuwa inapungua. Walikuwa wamemwekea oksijeni. "Nahitaji kujua alichokunywa," akasema. "Hali hii inaweza kuletwa na dawa ya kuua wadudu. Inaweza kuletwa na dawa kali za maumivu. Zinafanana machoni, lakini tiba zake ni tofauti kabisa, na sina muda wa kubahatisha. Nyumbani mna dawa ya wadudu?"

"Ipo, lakini iko juu ya kabati, haifikii. Daktari, nisikilize. Ni bibi yake. Mpigieni bibi yake."

"Mnaishi naye?"

"Hapana. Mimi ni mama yake. Mama wa—" Akasita.

"Wa kambo," akamalizia yule mwanamke wa benchini.

Hapo machozi yakamtoka. Alilia kama yeyote anavyolia, pua ikichuruzika, mikono haijui pa kukaa. Watu walikuwa wameshasogea kutoka foleni ya maabara na dirisha la dawa. Wakamtazama, na hakuna aliyemshika bega.

"Mnaona anavyojua?" mwanaume mmoja akasema, karibu kwa kumsifu. "Hata kwenye mazishi ya yule mzee alilia hivi hivi."

Simu ya kwanza ikainuliwa kurekodi, kisha ya pili. Mlinzi wa mlangoni alijisogeza akasimama kati yake na njia ya kutokea, na nesi akanong'ona kwenye simu ya mezani. Mwigizaji alisikia neno polisi.

Bibi aliingia mbio, khanga imemwanguka bega moja. Jirani mmoja aliyeiona teksi ndiye aliyempasha habari. Hakumwendea daktari. Alimwendea mwigizaji, akamshika kifuani kwa mikono miwili.

"Umemfanya nini mjukuu wangu? Umempa nini?"

"Mama, ulimpa dawa gani? Mwambie daktari. Mwambie tu, halafu unipige."

Daktari aliwatenganisha. "Bibi, mtoto alikuwa kwako leo. Alikunywa dawa yoyote?"

Bibi alimtazama daktari, kisha mwigizaji, kisha umati. Mkono wake ulienda kwenye mkoba uliokuwa kwapani, ukaubana. Mwigizaji aliuona mkono ule. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kuangalia mikono.

"Alikunywa chai na mkate," bibi akasema. "Mimi nimpe dawa ya nini? Mwulizeni huyu. Jana si mlimwona wote?"

"Mama, nakuomba."

"Usiniite mama."

Mlango wa chumba cha dharura ulifunguka, nesi mwingine akatoa kichwa. "Daktari, pumzi zake zinashuka."

Daktari aligeuka. Muda wa kubahatisha ulikuwa umefika, na mwigizaji alijua angebahatisha vipi. Angeamua kwa kile alichoambiwa na watu wengi. Angetibu sumu ya nyumbani kwa Bi Sumu.

Wakati huo, alivyosimulia baadaye, alihisi utulivu wa ajabu, kama ule unaomjia mwigizaji taa zinapowashwa. Alikuwa amesema kweli kwa sauti yake mwenyewe, na sauti yake mwenyewe haikuwa na msikilizaji mle ndani. Waliokuwa wakimsikiliza walikuwa wakimsubiri mwingine.

Akajifuta machozi kwa kiganja. Akanyoosha mgongo. Nyusi zikashuka mahali pake, jicho likaacha kupepesa. Ukumbi ukanyamaza kabla hajafungua mdomo.

"Haya," akasema kwa ile sauti nzito, taratibu. "Nimempa."

Mtu akavuta pumzi kwa nguvu. Daktari alisimama palepale, mkono ukiwa mlangoni.

"Nimempa, na usijisumbue kulia, bibi kizee. Nimempa kitu ambacho dawa yake haijatengenezwa. Hakuna mganga wala mchanganyaji dawa yeyote atakayekiondoa. Umechelewa."

Uso wa bibi ulipata mwanga wa ushindi. "Ipo," akasema. "Ipo dawa yake. Ulidhani nimelala?" Akafungua mkoba, akatoa chupa ndogo ya plastiki yenye maji ya rangi ya kahawia. "Nimekuwa nikimpa kila Jumapili ili sumu yako isimshike. Na leo nimempa vijiko vitatu vizima kwa sababu ya ule uji wako. Daktari, shika. Mwongezeeni, haraka, kabla—"

Daktari alikuwa ameshaipokonya. Aliifungua, akanusa, akaitazama karatasi iliyobandikwa ubavuni, yenye picha ya jani.

"Umeinunua kwa nani?"

"Kwa muuza dawa za mitishamba, pale nyuma ya kituo. Alisema inasafisha kila aina ya sumu. Alisema mtoto atalala kidogo tu."

"Tumeshamlaza hapa mzee mmoja aliyekunywa hii," daktari akasema, tayari akirudi ndani. "Tuliipima. Imechanganywa na dawa ya maumivu, ile wanayopewa waliofanyiwa upasuaji. Nesi, ile sindano ya kuamsha, sasa hivi."

Mlango ukafungwa.

Bibi alibaki amenyoosha mkono uliokuwa umeshika chupa. Hakuelewa mara moja. Alimtazama mwigizaji kama anayesubiri maelezo, na mwigizaji, ambaye nyusi zake zilikuwa zimesharudi kuwa nyusi za mwanamke aliyechoka, alikaa sakafuni.

Askari wawili waliingia wakati huohuo. Umati ukawaelekeza kwa vidole. "Amekiri mwenyewe, afande. Tumerekodi."

Walimpeleka kwenye chumba cha walinzi kando ya lango, chenye meza moja na kalenda ya mwaka uliopita. Askari wa kike alimuuliza jina lake. Mwigizaji akauliza kama mtoto anapumua. Askari akauliza jina tena. Hapo simu ikaita, na askari, baada ya kusoma jina la anayepiga, akamruhusu apokee.

Ilikuwa sauti ya mpima ardhi, ikikatikakatika. Mwenzake wa kazini alikuwa ametumiwa ile video, wakaiona mara tu walipopata mtandao juu ya gari.

"Ni kweli?" akauliza.

Hakuuliza mtoto yuko wapi. Hakusema mke wangu. Alisema hivyo tu, upepo ukivuma kwenye simu. Mwigizaji aliishika simu sikioni mpaka ikakatika.

Daktari ndiye aliyekuja kumtoa. Alisimama mlangoni akafuta miwani kwa koti, akawaambia askari kwamba mtoto amefumbua macho na ameanza kugombana na mrija wa oksijeni, kwamba dawa imejulikana na aliyempa amejulikana, na kwamba kama mama huyu asingesema uongo ule, yeye angempa mtoto tiba isiyokuwa yake. "Na nusu saa ile isingerudi," akasema. Askari wa kike alifunga daftari lake. Kisha akamwambia mwigizaji kuwa yeye mwenyewe huangalia kila Jumamosi, na kwamba jana alizima televisheni kwenye ule uji.

Bibi alikuwa amekaa kwenye ngazi za wodi ya watoto, mkoba mapajani. Mwigizaji alitaka kumpita. Alikuwa na hasira, na alijua kwamba kama angefungua mdomo angetoka mtu ambaye alikuwa hajamwigiza bado.

"Kwa nini ulisema umempa?" bibi akauliza bila kuinua kichwa.

"Kwa sababu ndicho ulichokuwa unasubiri kusikia, mama."

Bibi hakumkataza tena kumwita hivyo. "Nilimzika binti yangu," akasema. "Sikuwa na mwingine wa kumzika. Kila Jumamosi nilikuwa nakuona, na kila Jumapili namwona mtoto anazidi kukupenda. Nikasema, hivi ndivyo anavyoanzaga."

Mwigizaji alisimama. Halafu akakaa ngazi ileile, si karibu sana. Walikaa hivyo mpaka waliporuhusiwa kuingia, na walipoingia Kidoti alikuwa anadai viatu vyake.

Mpima ardhi alifika siku iliyofuata, vumbi mpaka kwenye kope. Alimkumbatia binti yake, akamkumbatia mke wake, na mke wake akakubali kukumbatiwa kama nguo iliyoanikwa. Mtoto aliporudishwa nyumbani na kulazwa, ndipo walipozungumza jikoni, mlango umefungwa.

"Niliona video," akasema. "Sikuwa najua kitu kingine. Mtu yeyote angeuliza."

"Mtu yeyote, ndiyo. Wewe unaniona asubuhi sijanawa uso. Unajua ninavyokoroma. Wewe pia uliniuliza kama ni kweli."

Alivuta kiti akakaa, akaweka mikono mezani. "Niliamini," akasema. "Kwa muda mfupi, lakini niliamini. Ile sauti yako. Sitakudanganya."

Afadhali angedanganya, mwigizaji aliwaza, halafu akawaza tena, akaona sivyo. Watu wote waliomhukumu hospitalini walikuwa wamekwenda zao, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumwambia hilo. Huyu alikuwa amekaa mbele yake analisema. Hakumsamehe usiku ule. Alimwambia tu ale, chakula kinapoa.

Bibi alienda kituo cha polisi mwenyewe kuandikisha maelezo, na muuza dawa akakamatwa. Alijirekodi pia kwa simu ya jirani, akieleza yote na kukiri kosa lake, uso umekaribia mno kioo. Watu wachache sana waliitazama video hiyo. Ile nyingine, ya Bi Sumu akikiri, ilizunguka nchi nzima na kurudi.

Mwongozaji alimwita studio. Alikuwa na furaha iliyomfanya ashindwe kukaa. Watazamaji walikuwa wameongezeka, akasema. Alikuwa ameandika tukio jipya la hospitali. "Nataka sauti ile ile. Ya siku ile. Unaweza?"

"Naweza," mwigizaji akajibu. "Lakini sitafanya."

"Unafikiri nani atakuchukua kwa kitu kingine? Na uso huo?"

Alichukua mkoba wake akaondoka, na kwa miezi kadhaa ilionekana kuwa mwongozaji alisema kweli. Walimpigia watu wa tangazo la dawa ya mbu, wakitaka awe mbu. Alikataa. Hatimaye kikundi chake cha zamani cha jukwaani, kilichokuwa kikicheza kwenye ukumbi wa shule, kikampa nafasi ya mtumishi msahaulifu katika kichekesho cha harusi. Walimpa kwa wasiwasi. Kiongozi wao alimwambia wazi kwamba watazamaji wakikaa kimya, atatolewa baada ya onyesho la kwanza.

Na walikaa kimya. Mchana ule wa kwanza ukumbi ulijaa nusu, mpima ardhi na bibi na Kidoti wakiwa safu ya nyuma. Mwigizaji alipoingia jukwaani akajikwaa kwenye zulia, kama zamani, hakuna aliyecheka. Akasahau jina la bwana harusi. Kimya. Aliwaona wamekaza mabega, wanamsubiri yule mwingine. Kisha ikafika sehemu ya kuwapelekea wageni chai, akaingia na trei ya vikombe, akainama mbele ya baba mkwe wa kuigiza.

"Usinywe hiyo chai, mzee," sauti ya mwanaume ikatoka katikati ya ukumbi.

Hakuna aliyekuwa ameandika neno hilo. Aliyeigiza mkwe aliganda, mkono hewani. Mwigizaji naye aliganda, na kwa pumzi moja hakujua ni nani angejibu. Kisha akanyanyuka polepole, akautazama ukumbi kwa mshangao wa mtumishi mpumbavu kuliko wote, akachukua kikombe, akakinywa chote mpaka tone la mwisho. Akasubiri. Akajishika tumbo. Akajishika koo. Akakunja uso mzima.

"Sukari," akasema. "Nimesahau sukari."

Kicheko kilianzia nyuma, sauti ya mzee wa kike isiyozoea kucheka, kikasambaa mpaka mbele. Mwigizaji akageuka kwenda kuitafuta sukari, akajikwaa tena kwenye zulia lilelile, na safari hii ukumbi mzima ukawa naye.